Dobi Seok-ju na Kete Mbili za Kutangulizwa

Pasi ya mvuke ilikuwa imelala juu ya suruali ya mteja kwa kitambo kirefu kuliko ilivyostahili, na mwenye pasi hakuwa na habari. Macho ya Ma Seok-ju, dobi wa mtaa ulio nyuma ya soko la Cheongju, yalikuwa kwenye simu aliyoiegemeza kwenye kopo la wanga. Kidole gumba kiligusa kioo, kete nyeusi ikatua, simu ikalia "ting!" kumjulisha kwamba amepatia. Ndipo harufu ikamfikia.

"Baba Eun-sol!" Mkewe, Hui-ja, alipaza sauti kutoka kwenye mashine za kufulia. "Unachoma nini?"

"Mvuke tu huo."

"Mvuke gani unaonuka sufu? Inua hiyo pasi kabla hatujamrudishia mwalimu wa watu suruali yenye dirisha."

Aliinua. Alama ya kahawia ilikuwa imejichora pajani. Seok-ju aliitazama kwa aibu, kisha, kabla hata aibu haijatulia, akaitazama simu tena.

Hakuwa mtu mzembe. Katika umri wote aliosimama nyuma ya meza ile hakuwahi kupoteza hata kifungo cha mtu. Lakini tangu mzee Pyo Dong-hak alipotangaza kwamba anahamia Gangneung kwa binti yake, utulivu ulikuwa umemtoka. Pyo alikuwa mwenziwe wa baduk, ule mchezo wa ubao ambapo kete iliyozingirwa huondolewa, tangu ujana wao, na hawakuwahi kuketi mbele ya ubao wakiwa sawa. Katika mchezo huo aliye dhaifu hutangulizwa, maana yake huruhusiwa kupanga kete zake nyeusi kabla mwenzake hajagusa chochote. Seok-ju alitangulizwa kete mbili. Kanuni ya ukumbi waliochezea ilikuwa haina upendeleo: ashindaye mara tatu mfululizo hupunguziwa kete za kutangulizwa. Naye alikwisha kushinda mara mbili. Ijumaa iliyokuwa inakuja ndiyo ya mwisho kabla Pyo hajaondoka. Akishinda, mzee ataondoka akiwa amemkubali kuwa mwenzake hasa. Akishindwa, atabaki Cheongju akiwa yule yule wa kutangulizwa.

Hivyo aliingiza katika simu programu ya kufundishia ufunguzi wa mchezo, yaani jinsi kete za mwanzo zinavyofuatana katika kona za ubao, moja ikiijibu nyingine. Kwa kuwa nuru ya macho yake ilikwisha kupungua, alizoea kuitanua picha kwa vidole viwili hadi kona moja ikajaza kioo chote. Kona hiyo akaikariri kama mwanachuoni anavyohifadhi sura fupi: akiwa foleni, akiwa mezani, akiwa msalani hadi mkewe agonge mlango. Jumapili aliificha simu ndani ya kitabu cha nyimbo. Mchungaji alikuwa akiwaombea wagonjwa, nyumba ya Mungu imenyamaza kwa unyenyekevu uwapasao waja mbele ya Muumba wao, na katika kimya kile kitukufu simu ikalia "ting!"

Hui-ja alimfinya paja. "Bwana amekujibu maombi, au ni yule shetani wako wa kete?"

"Nilidhani nimezima sauti."

"Jizime wewe kwanza."

Ijumaa alifunga duka kabla ya wakati. Ukumbini, juu ya duka la dawa, Pyo alikwisha kuagiza tambi za mchuzi mweusi, naye anakula bila haraka.

"Mdogo wangu, mbona unahema? Umefukuzwa na mbwa?"

"Nimetembea haraka tu, kaka."

"Kaa ule. Zinagandana hizi."

"Nitakula nikishashinda."

"Basi utakufa njaa, nami nitachelewa kuhama kwa ajili ya mazishi."

Seok-ju alipanga kete zake mbili katika kona zinazotazamana. Pyo akaweka yake nyeupe katika kona ya tatu. Siku zote Seok-ju angeiwahi kona ya nne, iliyobaki wazi. Leo mkono haukungoja. Uliikabili ile nyeupe papo hapo, kama simu ilivyomfundisha. Pyo alikunywa funda la chai ya shayiri, asijibu pale, akaweka kete moja katika kona ya nne, ng'ambo kabisa.

Seok-ju hakuitazama. Alichokikariri kilikuwa kinajitokeza mbele yake, kete kwa kete, na goti lilimtikisika chini ya meza kwa furaha. Ikafika pale alipopangoja wiki zote hizo: kete nyeupe imebanwa, imebakiwa na pumzi moja, yaani nafasi moja tu wazi kando yake. Ikikimbia, hufukuzwa kwa mshazari, hatua kwa hatua, hadi ukingo wa ubao uimalize. Mwenye akili huiacha ife. Pyo akaikimbiza.

"Unakimbilia wapi, kaka?"

"Nakwenda nyumbani."

Wakafukuzana ubao mzima. Ndipo mstari wa weupe ukaigusa ile kete moja ya kona ya nne, iliyokuwa ikiwasubiri tangu mwanzo, na aliyekuwa anafukuzwa akawa ameokoka. Nyuma yake weusi wa Seok-ju ulikuwa umetawanyika, kila kipande kikiwa wazi kukatwa. Aliweka kete mbili pembeni mwa ubao, kama ilivyo desturi ya anayesalimu amri.

"Nimeshindwa."

Kwa ada yao, mshindi na mshindwa huurudia mchezo pamoja tangu kete ya kwanza. Walirudia. Pyo akakomea mapema sana.

"Hapa. Siku zote wewe huweka wapi?"

Bila kufikiri, Seok-ju aliinyooshea kidole ile kona ya nne.

"Ndiyo iliyonishinda mara mbili. Leo nimekuja nikiihofia. Umeiachia kwa nini?"

"Programu inasema..." Akaitoa simu kwa hasira. "Tazama mwenyewe. Zote nimezipatia!"

Pyo, asiyejua mambo ya simu, alikipapasa kioo kwa vidole vyake vinene. Picha ikajikunja, ikapungua, mara ubao wote ukaonekana. Katika kona ya ng'ambo, ile ile ya nne, ilikaa kete moja, nyeusi.

"Mdogo wangu," alisema Pyo taratibu, "huyu mwalimu wako alikuwa na mtu wake kule."

Seok-ju alitazama simu, akatazama ubao, akatazama simu tena. Uso ulimwaka. Akaifunika simu mezani kifudifudi, akavuta bakuli la tambi baridi, akala matonge mawili matatu, akalisukuma.

"Tucheze tena."

"Hesabu yako imerudi mwanzo, unajua. Na mie sijafungasha hata soksi."

"Najua. Soksi nitakuja kukufungia mwenyewe. Cheza."

Pyo alicheka, akavua koti lake. Seok-ju alipanga tena kete zake mbili za kutangulizwa, zile alizotamani leo zisiwepo. Nyeupe ikatua. Mkono wake uliruka hadi kwenye kopo la kete, kisha ukarudi mtupu na kulikamata goti lililokuwa bado likitikisika. Macho yakazunguka ubao mzima, pole pole, kwa dhiki.

Kona ya nne ilikuwa bado wazi.