Ndege Niliyemwita Msituni Ngangao

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi kule Ngangao, juu ya Wundanyi, nikiwa msichana wa miaka ishirini na mbili. Keti kidogo unisikilize, mwanangu. Jumamosi utapanda mlimani na wageni wako wa kwanza, na jambo hili sijamsimulia hata mama yako niliyemzaa mwenyewe.

Siku hizo kazi ya kuongoza wageni msituni ilikuwa ya wanaume. Mimi niliipata kupitia kwa mjomba wangu Mwadime, kaka yake mama, aliyekuwa mlinzi wa msitu ule. Alinionyesha njia zote, na pale ambapo mawe huteleza hata wakati wa kiangazi. Tena alinionyesha ndege ambaye watu husafiri kutoka mbali kuja kumtafuta, kwa kuwa hapatikani kwingine duniani ila kwenye milima yetu hii ya Taita. Si mkubwa. Kichwa cheusi, ubavu wa rangi ya kutu, mdomo wa rangi ya chungwa, na siku nzima hupekua majani makavu chini ya miti akitafuta wadudu.

Mjomba alikuwa na kaseti yenye sauti ya ndege huyo. Ukiicheza, ndege husikia kama mwenzake ameingia kwake, naye hutoka kumfukuza. Sharti lake lilikuwa moja: cheza mara moja tu. Asipokuja, endeleeni na safari.

Asubuhi hiyo mjomba aliitwa mkutanoni Mwatate, nikabaki na mzee mmoja mgeni na binti yake. Mzee alikuwa amemtafuta ndege huyo safari mbili bila kumwona, na kila tulipopanda kilima alisimama akishika kifua. Binti yake alininong'oneza, "Baba hatarudi tena huku. Tafadhali jaribu."

Nilicheza kaseti. Ndege akatokea, akapita kasi, akapotea. Mzee hakuwahi hata kuinua darubini. Nikacheza tena. Binti hakupata picha. Nikacheza tena, na tena, mpaka nikaacha kuhesabu. Ukungu ulikuwa umeshuka, na manyunyu yalikuwa yameanza.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Safari moja ndege alitua karibu sana, hatua nne hivi, nikamwona ana funza mdomoni. Hakuwa amemmeza. Nilijua maana yake, kwa kuwa mjomba alikuwa amenifundisha: ndege anayebeba chakula ana watoto wanaomngoja. Nilijua, mwanangu. Lakini mzee yule alikuwa analia kwa furaha, binti amenishika mkono ananisifu, nami nikataka kusifiwa zaidi kidogo. Nikacheza tena.

Siku mbili baadaye nilipita njia hiyo na mjomba. Alisimama mahali pale pale, akasikiliza kwa muda mrefu. Kisha akaingia taratibu vichakani, akaniita. Kwenye panda ya mti mdogo kulikuwa na kiota cha nyuzi laini za kijani zinazoota kwenye magome ya miti, na ndani yake makinda wawili, wameloa, wamekufa.

"Ulimwita mara ngapi?" akaniuliza.

"Mara mbili," nikasema.

Tulitembea mpaka kwenye kibanda cha walinzi, akachemsha chai, akanimiminia. Nilishindwa kuinywa. Nikamweleza yote, hata habari ya funza.

Mjomba hakupandisha sauti. Alisema, "Mvua huua makinda, na baridi huua. Hatuwezi kujua. Lakini yule mzazi aliacha watoto wake akapigane na mtu ambaye hayupo, na wewe ndiye uliyejua kwamba hayupo."

Maneno hayo yaliniuma kuliko kama angenichapa. Mwaka mzima hakunipa mgeni hata mmoja. Kila alfajiri alinipeleka msituni nikae kimya, nisiite, nisiguse, nitazame tu. Wiki za kwanza niliona aibu kubwa, na niliwaza kutoroka nikatafute kazi Voi. Baadaye nilianza kuona mambo ambayo sikuwahi kuyaona nilipokuwa na haraka: jinsi ndege yule anavyonyamaza kipanga akipita, na jinsi anavyorudi kiotani kwa kuzunguka, ili mtu asijue anakokwenda.

Nilipoanza tena kuongoza, mgeni wangu wa kwanza hakumwona ndege. Alikasirika, akaniambia nimempotezea siku. Nilimwomba radhi, nikamshusha salama. Jioni mjomba alisema tu, "Atasikitika mpaka Mwatate. Akifika Voi atakuwa amesahau." Alikuwa ameridhika, nilimjua.

Mjomba ameshafariki, na magoti yangu yamenishusha kuja kukaa hapa Kaloleni. Ila wewe unapanda, na simu yako ina sauti za ndege wote wa milima. Basi shika haya. Mgeni hajui kitu. Anategemea macho yako, na ndege naye, bila kujua, anakutegemea wewe huyo huyo. Ukiona ana watoto, rudisha watu nyuma, hata kama wametoka ng'ambo. Usikubali sifa ikunyamazishe pale unapojua. Na ukikosea, usinidanganye kama nilivyomdanganya mjomba. Useme siku hiyo hiyo, kabla uongo haujazoea kukaa nawe.

Mungu akutangulie katika kila njia ya mlima. Ukungu ukishuka, akupe utulivu wa kungoja. Wageni wako wote washuke wazima, na viumbe utakaowakuta huko uwaache wakiwa na amani yao. Nenda, mwanangu, nimekubariki kwa moyo wangu wote.