Ndara za Leoncia

Secundino alikuta fundo la kitambaa njia panda, mbele ya lango lake, akaliokota. Ndani mlikuwa na chumvi ya mawe. Alilitupa kama kaa la moto, lakini maji yalikwisha kumwagika. Kila mtu kule kwao anajua: mwenye chunjua huzisugua kwa chumvi, akaifunga, akaiacha njiani. Anayeokota huondoka nazo.

Mvua za kwanza zilipokuja, chunjua ikamwotea kisiginoni. Kila akikanyaga, changarawe ndani ya nyama.

Na Desemba, mwezi wa hija, ilikuwa inakaribia. Mkewe Leoncia alikuwa amemwekea Bikira wa Caacupé nadhiri ya kwenda kanisani kwake miguu mitupu, kifo kikamwahi. "Utaniendea wewe," alimwambia kitandani. Alikubali. Nadhiri ya marehemu haina mjadala.

Chumvi ile ya nani? Alimshuku jirani yake, Ña Obdulia. Mjukuu wa bibi huyo alikuwa na vidole vilivyojaa chunjua, sasa ni laini kama yai.

"Kapona kwa dawa gani?" Secundino alimwuliza nyumbani kwake, kikombe cha chai baridi ya majani ya mate mkononi, hanywi.

"Maziwa ya mti wa tini, utomvu wake. Nikupake?"

"Maziwa tu?"

"Na dua. Kunywa bwana, sijakutilia sumu. Unanihoji kama nimekuibia ng'ombe."

Akapakwa. Maziwa yakaunguza ngozi ya pembeni. Chunjua ikabaki pale pale, imejichimbia chini ya ngozi ngumu. Kanipaka makusudi, akasema moyoni.

Akachechemea mpaka zahanati. Nesi Rumilda akakwangua kidogo, vikatokea vidoa vyeusi.

"Nichome kwa baridi kali ya kugandisha, kama wanavyofanya mjini."

"Ingekuwa ya mkononi, ningekuchoma. Unyayoni utapata lengelenge, ushindwe kukanyaga, na huenda isipone. Bora asidi hii. Loweka mguu, kwangua, paka, kila jioni. Ni polepole. Wengine hupona, wengine hapana."

Secundino akamtazama kwa jicho la pembeni. Tangu lini mwenye dawa akaisema vibaya dawa yake?

"Na chumvi ya njiani?"

"Chumvi haina kosa, baba. Chunjua hupita penye unyevu, kutoka mtu hadi mtu. Hizo ndara ni zako?"

Secundino akazitazama ndara za Leoncia miguuni mwake. Zilikuwa za rangi ya waridi, ndogo, kisigino kimetokeza nje. Tangu mazishi hakuvaa nyingine, bafuni wala uani. Akamkumbuka Leoncia akichechemea miezi ile ya mwisho. Ni mawe tu, alikuwa akisema.

"Uzitupe," nesi alisema.

Alipaka kila jioni, bila kuiamini. Chunjua ikapungua, haikwisha. Ndara hakuzitupa. Alizivua, akazifunga kitambaani.

Siku ya safari Ña Obdulia alikuwa langoni, miguu mitupu naye.

"Fundo gani hilo? Unampelekea Bikira chunjua?"

"Ndara za mwenye nadhiri." Akamkazia macho. "Na ile chumvi ilikuwa yako."

Ña Obdulia akatazama chini.

"Yangu. Niliiacha kwako kwa sababu hapakuwa na wa kuiokota. Tangu mkeo azikwe ulikuwa hutoki nje."

Secundino akaliweka fundo kwapani.

"Tangulia," alisema. "Nataka nione unachoacha njiani."

Wakashika njia. Kisigino kiliuma, lakini kilikanyagika.