Kifungo cha Koti

Jirani yetu pale Euless, huku ughaibuni, hakuwahi kusema neno zito akiwa amekaa. Atasimama, atafunga kifungo cha koti, ndipo aanze. Akimaliza, anakifungua na kukaa. Nyumbani Tanzania alikuwa mjumbe wa baraza la chama cha mawakili, amechaguliwa na mawakili wenzake wa kanda. Huku alipanga mizigo karibu na uwanja wa ndege, lakini kifungo hakukiacha.

Namkumbuka zaidi kwa siku moja ya mwaka 2018, kwenye mkutano wa jumuiya yetu ya Watanzania. Muda wa mwenyekiti, Leonce, ulikuwa umekwisha, na watu walitaka kumbakiza kwa makofi. “Ku-vote tena kwa nini? Sisi ndugu bwana,” walisema. Jirani alikuwa ametoka kazini moja kwa moja. Akasimama, mkono ukapapasa kifuani, ukakuta zipu ya kizibao cha njano. Akaipandisha mpaka kooni. “Mheshimiwa mwenyekiti, kwetu rais wa mawakili muda wake ulipoisha, alishuka meza kuu akaja kukaa nasi nyuma, kwenye viti vya plastiki. Makofi tulimpigia akishuka.” Leonce alicheka, akabeba chai yake, akaja nyuma. Tulipiga makofi mpaka viganja vikauma, kisha tukapiga kura. Mwaka uliofuata jirani alihamia Houston. Lakini mpaka leo, mtu akiinuka kusema mkutanoni, mkono huenda kwanza kifuani. Hata wa Pelagia, anayekuja na sare yake ya unesi isiyo na kifungo hata kimoja.