Hatua Elfu Arobaini za Mama Pindo

Mama Pindo alikuwa fundi cherehani, na mguu wake wa kulia ndio uliokanyaga pedali mpaka watoto watatu wakasoma na nyumba ikaezekwa. Kwa hiyo nesi wa kliniki alipomwambia sukari yake imepanda, na kwamba wasiojitunza hufa ganzi miguuni, wakaishia kukatwa mguu, alitoka mle ndani akiutazama mguu ule. Siku mbili nzima hakula kitu cha maana. Siku ya tatu njaa ikamshauri vingine.

Masharti yalikuwa mepesi kuyasema: nusu ya sahani iwe mboga, soda aiache, na kila siku atembee hatua elfu kumi. Kila mwanamke wa kliniki ile mwenye sukari alipewa kidude cha kuhesabia hatua, cha kufungwa kifundoni. Yeye alikifunga kwenye mguu ule ule wa kulia, akaketi kwenye cherehani, akaanza kushona sare za shule. Kufika saa sita mchana, kidude kilionyesha elfu ishirini na mbili.

"Kumbe nimekuwa mwanariadha miaka yote hii, na hakuna aliyeniambia!" alimwambia mkwewe, mke wa mwanawe, aliyekuwa akishonea vifungo pembeni.

"Lakini mama, si umekaa?"

"Mimi nimekaa. Mguu haujakaa."

Mkwe akarudi kwenye vifungo vyake; mkwe mwenye akili hashindani na mama mkwe. Basi Mama Pindo akajipangia malipo: kila hatua elfu kumi soda moja, kila sare mkate na siagi. "Mchumia juani hulia kivulini," alisema akifungua chupa. Juani penyewe hakuwahi kufika.

Mwezi wa pili tangu apewe kidude, kliniki ilibandika picha yake ukutani: bingwa wa hatua elfu arobaini kwa siku. Wanawake wakamiminika kumuuliza siri. Mama Pindo si mwongo. Aliwaambia ukweli mtupu, kwamba yeye hutembea akiwa ameketi. Wiki ile mtaa ulijaa wanawake waliokaa vibarazani wakitikisa mguu mmoja, nyuso zimekunjamana, jasho hata tone hakuna. Muuza mboga alitikisa mpaka nyanya zikaporomoka mezani, na kuziokota akakuhesabu kuwa mazoezi ya mikono.

Siku ya kupimwa tena ilipofika, sukari ya bingwa ilikuwa juu kuliko mwanzo. Nesi alitazama kipimo, akatazama picha ukutani, akapima mara tatu. Mwishowe lawama zikakiangukia kipimo.

"Mama, hiki kimeharibika. Mtu wa hatua elfu arobaini hawezi kuwa na sukari hii. Nenda tu nyumbani, na hongera."

Moyo wa Mama Pindo ulitamani kwenda. Nesi akainama, akauinua mguu amvue kidude aandike hesabu ya mwezi, mara akaganda.

"Mama, hii pini imeingia lini?"

Pini ya kushikizia kitambaa ilikuwa imezama unyayoni, kando ya kidole gumba, kimebaki kichwa tu. Damu ilikuwa imeshakauka. Nesi aliivuta taratibu, na Mama Pindo hakusikia maumivu yoyote, akaitazama kana kwamba imetoka mguuni mwa jirani. Hapo ndipo alipoogopa kweli, mpaka aibu ikakosa nafasi.

"Mwanangu," alisema, "mimi sijatembea hata hatua moja. Nishike mkono, tuanzie hapo mlangoni."