Kopo Bila Mlima

Sijui kama mimi ndiye wa kuandika haya. Nilisoma mpaka mwaka wa pili wa sekondari tu, na pale kwetu Mususa walikuwepo watu waliosoma kunipita. Ila wengine walikuwa wamekimbia, wengine walikuwa wanahangaikia chakula, na mimi nilikuwa nyumbani. Basi naandika nilichokiona.

Mwaka ule wa vita askari waliingia kulala katika shule yetu, na madawati yakawa kuni. Lazima niseme yote: askari mmoja alitoa dawati motoni, akalibeba mwenyewe mpaka kwa jirani yangu. "Mama, batoto bakalie hii," akasema, akaenda. Upande mmoja lilikuwa limeungua. Tulilikalia vilevile.

Jirani huyo ndiye ninayetaka kumsifu. Alikuwa Mkatoliki, muuza maharagwe. Mimi Mprotestanti, na mbele ya hapo tulikuwa tunasalimiana tu njiani. Shule ilipofungwa alisukuma magunia ya depo yake, ile stoo ya maharagwe, ukutani, akaponda mabetri ya redio yaliyokufa, akachanganya ule unga mweusi na maji ya majani ya muhogo, akapaka mlango mmoja wa zamani ukawa ubao. Chaki ilikuwa vipande vya muhogo mkavu. Kila asubuhi vilipungua, maana watoto walivila. Yeye mwenyewe hakujua kusoma. Alikuja kwangu akasema, "Mama, weye ulisoma. Kuya."

Nikamwambia nimesahau.

"Hapana shida. Batakukumbusha."

Kati ya watoto alikuwepo binti wa mwaka wa sita aliyetembea kwa miguu na mama yake kutoka Eringeti. Alibeba bulteni zake, zile karatasi za alama za shule, na kitabu kimoja cha hesabu, vimefungwa ndani ya kitenge. Tulisikia kanisani kwamba ekzame ya mwaka wa sita, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, itafanywa hata hivyo. Mama yake akatuambia wazi: "Akipita, atabakia hapa asome. Akianguka, tunaenda kulima kwa shangazi yake kule Mabalako, masomo imeisha." Hakusema kwa ubaya. Mimi pia, kama ningekuwa yeye, pengine ningesema hivyo.

Kwa hiyo nilimfundisha kwa woga. Siku mbili mbele ya ekzame tulifika kwenye vipimo. Kitabu kiliuliza: ndoo ya lita ishirini inajaza makopo mangapi ya lita moja? Nikaona vizuri tupime kwa mikono. Jirani alikuwa na ndoo ya lita ishirini na kopo la lita moja, lile la maziwa ya unga ambalo soko lote linapimia. Watoto wakajaza ndoo maharagwe, wakachota kwa kopo, wakahesabu. Makopo kumi na sita, ndoo ikaisha.

Binti akafungua ukurasa wa mwisho wa kitabu. "Mama mwalimu, huku wanasema ishirini."

Tukapima tena. Kumi na sita. Na mimi, Mungu anisamehe, nikasema, "Kitabu kimekosea. Andika kumi na sita."

Akaandika. Mtoto mwenye adabu, akaandika.

Jirani alikuwa anachagua mawe ndani ya maharagwe kule nyuma. Akaanza kucheka mpaka akashika kiuno. "Mama mwalimu! Kopo yako iko na mulima!"

"Lakini, mama, nani anauza kopo bila mlima?" nikamuuliza.

"Hata mimi siuzake. Mutu atanitukana mbele ya soko yote." Akachukua kijiti, akakipitisha juu ya kopo, maharagwe yaliyozidi yakaanguka kwenye mkeka. "Kwa soko tunapatia mutu matabishi, ile ya kuongezea. Kwa ekzame, hapana."

Tukapima kwa kijiti. Ishirini kamili. Nilitamani kujificha nyuma ya magunia. Mwanamke asiyejua herufi alikuwa amenisahihisha mbele ya darasa, na kwa namna yake ya kucheka nikajikuta mimi pia nacheka. Binti akafuta kumi na sita kwa mate na kidole. Usiku ule niliwaza ni mangapi mengine niliyomfundisha yana mlima.

Siku ya ekzame alirudi jioni, vumbi mpaka magotini. Tukamuuliza, akasema moja tu: "Ile ya vipimo ilikuwa mafuta na chupa. Nilikata mulima."

Jina lake lilisomwa kati ya waliopita. Siwezi kusema ni sisi tuliompitisha; walimu wa Eringeti walimfundisha miaka mitano, sisi miezi tu. Lakini ile miezi ingekuwa mitupu kama si jirani yangu.

Mama wa binti aliondoka peke yake kwenda Mabalako. Asubuhi ile alipita kununua maharagwe ya njiani. Jirani akachota kopo, akaongeza kwa mkono, akaongeza tena, mpaka maharagwe yakamwagika pande zote na watoto wakayakimbilia.

"Beba, mama," akamwambia. "Ekzame imeisha."