Sweta la Shemeji

Siku tuliyopanda Mlima Meru kuzima moto wa msitu nilimcheka sana shemeji yangu, mume wa dada. Yeye ni Mchaga, ana duka Lemara, mjini. Alikuja kwetu kutusalimia tu, akajikuta kwenye lori na wanakijiji, amebeba sweta zito alilofumiwa na dada yangu. "Shemeji, unaenda kuzima moto au kuchunga kondoo?" nilimuuliza. Lori zima likaangua kicheko. Tuliposhuka akalitundika sweta mtini, akapanda na fulana kama sisi.

Mpaka saa nane mchana tulikuwa tumekata njia ya kuzuia moto upande wa juu wa msitu na kupiga miali kwa matawi mabichi. Moto ulibaki kwenye magogo. Gogo langu nililifukia kwa udongo mpaka moshi ukakata, nikajisifu.

Mara joto likakatika. Hata leo sijui nielezeje. Upepo uligeuka, kukawa giza, mvua ya mawe ikatushukia kama kokoto kutoka kwenye tipa. Na sisi, wapumbavu, tukapiga magoti kumshukuru Mungu! Dakika chache baadaye ardhi ilikuwa nyeupe na vidole vyangu haviwezi kushika panga.

Shemeji, aliyechoka kutuzidi wote, alikaa chini. Alitetemeka, kisha akaacha kutetemeka. Askari wa hifadhi aliyetuongoza alimpapasa shingo.

"Huyu anatutoka," alisema. "Nani ana kiberiti?"

Vyote vilikuwa vimelowa. Akilini nilimwona dada yangu mlangoni, ananiuliza mume wake yuko wapi.

Nilikimbilia gogo langu, nikafukua udongo ule ule kwa kucha. Chini kabisa kulikuwa na kaa moja jekundu. Nililiinamia nikalikinga kwa mgongo, nikalipuliza huku nalia, naliomba lisife. Wenzangu wakachokonoa vijiti vikavu chini ya magogo. Moto ukashika. Tukamlaza shemeji kando yake, tukamzunguka.

Mzee mmoja wa usharika wetu, aliyekuwa upande wa pili wa korongo, aliona moshi akaja mbio na chepe la udongo.

"Mzee, usizime!" Nilimpokonya chepe kwa nguvu. Sijawahi kumfanyia mtu mzima vile, wala sikumwomba radhi.

Jua lilikuwa linarudi shemeji alipofumbua macho, akanitazama.

"Shemeji," alisema, "sweta langu liko wapi?"

Lori zima lilikuwepo pale. Hakuna aliyecheka.