Meli ya Barua, Mwezi wa Nane

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika na viatu vya kuazima na barua mbili mkononi. Ya kwanza ilitoka shule ya misheni, ikisema kwamba mimi, Talaso, najua kupiga taipu. Ya pili ndiyo iliyokuwa na uzito. Ilisema kwamba mwenye kuichukua, mwanamke Mborana, ameruhusiwa kukaa mjini Isiolo kwa sababu ya kazi, kuanzia sokoni hadi kizuizi cha barabara ya Ngaremara, asipite hapo. Chini yake palikuwa na sahihi ya Meneja aliyeniajiri.

Ilikuwa miaka ya Shifta, vita vya serikali na waasi wa kaskazini. Baba yangu alikuwa amehamishwa kutoka Korbesa na kuwekwa ndani ya kambi iliyozungushiwa seng'enge, pamoja na ng'ombe wachache waliobaki, na aliyetoka nje bila ruhusa aliulizwa na bunduki. Mimi niliepuka kambi kwa sababu ya taipu. Ukinisikia nikisema kwamba sikuwahi kumwogopa bosi, ujue nadanganya. Nilimwogopa kila siku.

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja kati ya duka la vitambaa na bucha. Tuliuza vitu viwili: nafasi kwenye malori ya msafara wa Marsabit, na tikiti za meli kwa niaba ya wakala mmoja mkubwa wa Nairobi. Vijana wa leo hucheka nikiwaambia kwamba Isiolo kulikuwa na ofisi ya meli, mji ambao mto wake unauvuka bila kukunja suruali. Lakini mapadri, walimu na maofisa waliokuwa kwetu walikuwa na makwao, na wengi wao waliiogopa ndege kuliko simba. Ukutani palikuwa na picha ya meli nyeupe yenye ghorofa nyingi. Meneja, mtu wa Kiambu aliyevaa tai hata kwenye vumbi lile, alinisimamisha chini ya picha hiyo.

"Wewe unajua bahari?"

"Sijui, Meneja."

"Na barafu?"

"Ile ya mlima naiona asubuhi, kama hakuna mawingu."

Alicheka. "Hiyo inatosha. Keti hapo kwa mashine."

Aliyenifundisha kazi hasa ni Karani Mkuu, Mzee Kirimi, Mmeru mpole aliyekuwa akitafuna miraa yake kwa adabu, majani yote mfukoni. Kwanza alinifundisha msafara. Malori yalisimama kizuizini mpaka askari wa kuyasindikiza wafike, kisha yakaondoka pamoja, na ole wake aliyebaki nyuma kubadilisha gurudumu. "Mtu akija kuuliza safari," alisema, "wewe uliza nani yuko mbele, na mvua ilinyesha lini. Hayo mengine baadaye." Baadaye akanifungulia kitabu cha ratiba za meli, na nikaanza kujifunza majina ya miji nisiyoweza kuyatamka.

Nilijifunza pia kwamba meli si moja. Kuna meli ya starehe, hoteli inayoelea, yenye dansi na vyakula saba. Kwa kuwa ni kubwa mno, kwenye bandari ndogo hutia nanga nje, na abiria hushuka kwa ngazi hadi kwenye mashua huku mawimbi yakiirusha. Kuna pia meli ya barua. Hiyo ni ndogo na chafu kidogo, inabeba barua, unga na watu, na kila bandari inaingia mpaka gatini, pale ukutani inapofungwa kamba. Zile za nchi za baridi kali huwa na chuma mara mbili kifuani, ili zisukume barafu bila kupasuka. Mambo haya yote niliyasoma vizuri. Nilichokosa ni kitu ambacho hakikuandikwa kwenye kitabu, kwa sababu walioandika hawakudhani kuna mtu asiyekijua.

Mteja wangu wa kwanza wa barafu alikuwa Bwana Mifugo. Ndivyo tulivyomwita ofisa wa mifugo wa wilaya, Mmeru wa kutoka juu kwenye chai, mnene, mwenye kicheko cha kusikika mpaka Oldonyiro. Alikuwa amepata nafasi katika chuo cha mifugo kwenye kisiwa kimoja cha kaskazini kabisa mwa dunia. Chuo kilipokea wanafunzi mara mbili kwa mwaka, Februari na Septemba, naye aliruhusiwa kuchagua.

"Dada Talaso, mimi sitaki baridi kabisa," aliniambia. "Niepushe na hiyo Julai na Agosti."

Nilimwelewa sana. Kwetu Julai ndiyo baridi. Kule Meru ni mwezi wa ukungu na mbao za jeneza, na hata Isiolo watu hutafuta blanketi. Januari jua linapasua mawe. Nilimuuliza Mzee Kirimi, akasema Januari. Meneja akaweka sahihi. Sisi watatu, watu wenye akili timamu, tulikaa chini ya picha ya meli nyeupe tukamchagulia Mkristo wa Mungu mwezi wa Januari, ili akaote jua.

Meli yake ilinaswa kwenye barafu, abiria wakaweza kuuona mji lakini wasiufikie. Baada ya siku nyingi abiria waliambiwa watembee juu ya bahari iliyoganda, na Bwana Mifugo akatembea na viatu vyake vya ngozi vya Isiolo. Vidole viwili vya mguu wa kushoto vilikufa vikakatwa. Kutoka hospitali alirudishwa nyumbani bila kuingia darasani hata siku moja.

Habari zilipofika, Meneja hakukumbuka sahihi yake. "Ni huyu Mborana," aliwaambia watu wa Nairobi kwenye simu, mimi nikiwa nimeketi hapohapo. Kisha akanigeukia. "Talaso, wewe unakaa mji huu kwa barua yangu. Kosa lingine, unarudi kwa baba yako ndani ya seng'enge."

Niliona aibu, na aibu ile ilikuwa haki yangu. Kosa lilikuwa langu na silikani mpaka leo. Lakini nilijiuliza nilikosea wapi, nikaona nimekosea kwa jambo ambalo baba yangu asingelikosea hata akiwa usingizini. Kwetu mifugo haihami kwa kusikia. Hutumwa watu wawili mbele, tunaita sahan, waende wayaone majani na maji kwa macho yao, warudi, na kila mmoja aseme peke yake. Wakitofautiana, ng'ombe hawaondoki. Mimi nilihamisha mtu mzima kwa kufuata baridi ya Meru.

Tangu siku hiyo nikawa na daftari langu. Kila msafiri aliyetoka nchi za baridi na kukwama kwetu akingoja msafara, nilimwekea chai na kumhoji. Padri mmoja mzee wa njia ya Marsabit alikuwa amezaliwa pwani ileile iliyomla Bwana Mifugo vidole. Aliniambia kwamba kule mwaka umegeuzwa: Januari ni giza na barafu, bandari hufunguka mwishoni mwa Mei, na mwezi wa nane ndio mtulivu. Septemba ikianza kuisha, bahari huchafuka. Sikumwamini peke yake. Nilingoja wiki saba mpaka akapita fundi wa mitambo ya visima aliyewahi kuwa baharia huko, nikamuuliza bila kumwambia ya padri. Akasema yaleyale, akaongeza kwamba meli kubwa haziingii bandari ile hata bahari itulie kama maziwa kikombeni.

Daftari likiwa limejaa nusu, Bwana Mifugo akaingia ofisini na fimbo. Mzee Kirimi akasimama. Mimi nilibaki nimeketi kwenye mashine.

"Nani alinipeleka barafuni?" akauliza.

"Ni mimi," nikasema.

"Vizuri. Chuo kimenipa nafasi tena, Septemba. Wewe ulinipeleka vibaya, sasa wewe unipeleke vizuri. Sitaki mtu mwingine, hao wengine hawajakosea bado."

Meneja alitoka chumbani kwake akitabasamu, akanyoosha kidole kwenye picha ya ukutani. Alitaka ile meli nyeupe, itakayofika huko mwisho wa Septemba. Chuo kitangoja, alisema. Sote ofisini tulijua kwa nini: kampuni ya meli ile ilikuwa imemwahidi nafasi Nairobi kama atajaza vyumba vyake.

"Meneja, hiyo inatia nanga nje," nikasema. "Huyu ana vidole vinane na fimbo. Atashuka ngazi namna gani bahari ikichafuka? Achukue meli ya barua, mwezi wa nane."

"Hiyo ni maneno ya nani?"

"Ya watu wawili waliotoka huko."

"Na mimi nasema andika meli kubwa." Aliinama mezani kwangu, akapunguza sauti. "Andika ile nyingine, na leo hii nafuta sahihi yangu. Unanisikia, binti?"

Nilimsikia. Nilifikiria chumba changu cha kupanga nyuma ya msikiti, na chai ya maziwa, na kutembea mpaka kizuizini jioni na kurudi nikitaka, ndani ya mipaka yangu midogo. Nilifikiria seng'enge. Halafu nikatazama ule mguu, kiatu kimejazwa pamba mbele. Hasira ikanipanda, hasira nzuri, ya kumfaa mtu. Nikaingiza karatasi kwenye mashine, nikapiga taipu: meli ya barua, mwezi wa nane, kebini ya chini karibu na jiko la injini, kuna joto. Nikampa Bwana Mifugo mkononi.

Meneja aliitoa barua yangu kwenye faili, akapitisha kalamu nyekundu juu ya sahihi yake, akanirudishia. "Peleka hiyo kizuizini. Watajua pa kukupeleka."

Baba alikuwa ameketi kwenye mlango wa kibanda nilipofika kambini. Ng'ombe walikuwa wamekwisha wote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja tu.

"Uliwauliza waliorudi?"

"Wawili, Aba. Kila mmoja peke yake."

"Basi hukukosea," akasema, akanisogezea mkeka.

Nilikaa huko zaidi ya mwaka. Nisiwapambie: tulikula vibaya, tulipanga foleni ya maji, na baba alifia humo akiwa na fimbo ya kuchungia na hana cha kuchunga. Watu walikuwa wakiniuliza, hata jamaa zangu, kama Mmeru yule alistahili. Niliwajibu, na nawajibu ninyi pia, kwamba sikufanya kwa ajili ya Mmeru wala Mborana. Nilifanya kwa sababu nilijua, na anayejua akiandika uongo ni mwizi.

Barua ya Bwana Mifugo ililetwa na Mzee Kirimi mwenyewe, aliyeomba ruhusa ya kuingia kambini kwa kusema ananitafuta kwa deni la ofisi. Mungu amsamehe uongo huo. Niliisoma mara nyingi hata naikumbuka: "Dada, meli iliingia mpaka ukutani. Nilishuka kwa miguu yangu na vidole vyangu vinane. Jua huku linazama likichelewa kama mgeni asiyetaka kuaga. Mwisho wa Septemba niliona kwa dirisha la darasa ile meli nyeupe ya ukutani kwenu. Ilikaa nje siku mbili, bahari mbaya, hakuna mtu alishuka. Ikageuka ikaenda."

Vita vilipokwisha na milango kufunguliwa, Bwana Mifugo alirudi na cheti chake, akaja kunitafuta. Ndiye aliyenipeleka Nanyuki, kwa Mkuu wa Tawi la wakala yuleyule wa Nairobi, na Mkuu huyo akaniajiri kwa daftari lile, si kwa cheti. Kutoka Nanyuki nilipanda hadi Nairobi, chini ya Wakurugenzi watatu. Wa kwanza alinipigia kelele, wa pili alinisikiliza, wa tatu alikuwa karani wangu zamani. Kwa miaka yote hiyo sikubadili kanuni: msimu kwanza, bandari pili, meli tatu, na picha ya ukutani mwisho kabisa. Siku hizi mnachagua meli kwa simu, kwa kuangalia bwawa la kuogelea. Chagueni. Lakini muulizeni aliyerudi, na mkipata mmoja, tafuteni wa pili.

Siku ya kustaafu kampuni ilinifanyia karamu. Mkurugenzi akanikabidhi bahasha: tikiti ya meli kubwa ya starehe, kwenda kisiwa kilekile cha barafu cha kaskazini, mwezi wa Desemba. Watu wakapiga makofi. Niliisoma, nikaikunja, nikamrudishia mbele ya wote.

"Mwanangu," nikamwambia, "mwezi wa nane, meli ya barua. Ama siendi."

Nilikwenda mwezi wa nane. Meli iliingia bandari ile mpaka ukutani, na niliposimama kwenye sitaha, mlima wa barafu ukiwa mbele yangu mweupe kama ule wa kwetu asubuhi, nilitoa kwenye mkoba barua yangu ya zamani yenye mstari mwekundu. Baharia mmoja kijana, aliyekuwa akifunga kamba, aliniuliza kwa ishara na Kiingereza kidogo ni karatasi gani hiyo.

"Ruhusa ya kusafiri," nikamwambia.

"Ya kwenda wapi?"

"Ya kwenda mpaka Ngaremara," nikasema, "na kurudi sokoni."

Hakuelewa. Akanipa mkono, nikashuka.